Umbali wa Biblia

Nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Kakamega. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, na ndani alikuwa bibi mzee, jirani yangu, aliyeacha kunipungia mkono barabarani tangu Krismasi, nami nikanuna.

Akasukuma miwani mezani. "Hii pea mtu mwingine. Jumapili nilishuhudia kanisani nimeponywa. Sasa nasomanga Biblia macho matupu."

Daktari akammulika jicho. "Kukhu, nyanya yangu, lenzi ya ndani imezeeka, imekuwa nzito. Inakuonyesha vya karibu, vya mbali inaficha. Ni mtoto wa jicho anaanza."

Bibi akakunja leso. "Na ushuhuda nitaurudishaje?"

"Usirudishe. Si unasoma?"

Alipotoka alinitazama kama anayetazama ukuta. Nikamsogelea mpaka umbali wa Biblia, nikamsalimia.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mbona uliacha kunisalimia?"