Nilivyomlilia Mtu wa Kitabuni

Mwanangu, siku ninayoikumbuka na kuicheka hadi leo ni ya mwezi wa tatu wa ndoa yangu, hapa Kirua Vunjo, wakati Mwingereza bado anatawala. Nilikuwa nimeazima kitabu cha hadithi kwa mwalimu wa misheni. Nikaketi nyuma ya banda la ng'ombe kukisoma, nikafika mahali ambapo yatima anafukuzwa na mjomba wake, anatoka na blanketi lake tu. Nikalia kwa kwikwi.

Mama mkwe akanikuta, ametoka kukata majani. Nikaficha kitabu chini ya kanga.

"Unalia nini?"

"Moshi tu, mama."

Na jikoni moto ulikuwa haujawashwa tangu asubuhi.

Niliona aibu kusema namlilia mtu ambaye hayupo. Kumbe yeye alidhani mwanawe kanipiga, na kwamba nitarudi kwetu. Akamwita Elinami, mume wangu, kutoka kwenye shamba la kahawa.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mama, sijamgusa."

"Kachume isale."

Isale, kwa asiyelijua, ni jani tunalompelekea mtu kumwomba msamaha; akilipokea, ugomvi umekwisha. Basi mume wangu akasimama mbele yangu na jani mkononi, anaomba radhi kwa kosa asilolijua. Kulipokea kungekuwa kumtia hatiani bure. Nikatoa kitabu, nikasema ndicho kilichoniliza.

Nilingoja karipio. Mama akavuta kigoda. "Hebu nisomee."

Nikasoma. Tulipofika kwenye blanketi, naye akajifuta macho.

"Mama, huyo mtoto hayupo," Elinami akamtania.

"Yeye hayupo, mimi nipo. Nililelewa na shangazi aliyenitazama mdomoni kila nilipokula ndizi."

Miezi mitatu nilikuwa nikimwogopa mama yule. Tangu siku hiyo tulisoma pamoja tukimenya ndizi, na chakula kilichelewa sana nyumbani kwetu, kwa vicheko.

Ndiyo maana nakuambia, usione haya kulia au kucheka na kitabu. Moyo hauulizi kwanza kama jambo lilitokea. Ukiona mtu anaumia, unamwendea. Na kwa kuwa wa kitabuni hahitaji uji wako, huruma ile inabaki mikononi mwako. Tazama pembeni, umpe aliye hai. Wala usiifiche, maana wanaokupenda wataitafutia sababu mbaya.

Mungu akujalie vitabu vizuri, mwanangu, na nyumba yenye watu wa kukwambia, "Endelea kusoma, tunasikiliza."