Matusi ya Kupeleka Balangida

Pikipiki yangu niliinunua mnadani, mradi mmoja wa wafadhili ulipofunga ofisi ukauza kila kitu hadi viti. Zamani ilikuwa nyekundu. Wakati huo majosho ya serikali yalikuwa yamekauka, wafugaji wameambiwa wajitafutie wenyewe dawa ya kupe, na mimi nikafungua duka la dawa za mifugo. Nilizunguka minada yote na boksi langu nyuma, suruali ndani, kitenge juu. Mama alikwenda kanisani kuomba niombewe, maana mwanamke wa kupanda chuma hakuwahi kumwona Mbulu nzima. Baba akamwambia kwamba hata kwenye Biblia wanawake walipanda punda, na punda hana breki.

Baba huyo ndiye aliyenituma safari ninayoisimulia. Alikuwa kitandani tangu mavuno, tumbo limemjaa, na hospitali walikuwa wameturudisha nyumbani Bashay kwa ule upole wa kusema mpeni chochote anachopenda. Hakupenda chakula. Alichotaka ni kumwona rafiki yake, mfugaji wa uwanda wa Hanang, kule chini karibu na ziwa la chumvi la Balangida. Tangu ujana wao ng'ombe wa baba walilishwa kule wakati wa masika, na wa rafiki yake walipanda kwetu kula mabua baada ya mavuno. Na tangu ujana huo hawakuwahi kuambiana neno moja la adabu. Yule mzee alimwita baba fuko, kwa kuwa anashinda anachimba ardhi. Baba alimjibu kwa mambo ambayo mama hakutaka tuyasikie.

"Mwambie hivi," baba akaniambia, akihema. "Mwambie huyo mzee anayenuka maziwa ya mgando aje haraka. Nikifa bila kuiona sura yake nitafurahi mno, na furaha yote hiyo siiwezi peke yangu."

Kaka zangu walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyingi. Mmoja alikuwa na ngano, mwingine na mkutano, maana mkoa ulikuwa ndio kwanza unagawanywa na watu wazima walishinda wakibishana kama sisi bado ni wa Arusha au tumeshakuwa wa Manyara. Nikawaacha na mkoa wao. Nilifunga dumu la petroli kwa mpira, nikaondoka peke yangu.

Hadi Basotu mambo yalikuwa mazuri. Kila niliposimama kununua soda watu walitazama nyuma yangu wakauliza, "Mwenye pikipiki yuko wapi?" Nikawa nawajibu kwamba ameanguka njiani, nitamwokota nikirudi. Baada ya hapo barabara ikachoka, ikawa njia ya ng'ombe, na njia ya ng'ombe ikaanza kuteremka. Kule kwetu juu kuna baridi, ukungu na majani mabichi. Huku chini kulikuwa na miiba, mawe na makorongo yaliyokatwa na mvua za zamani, mengine yana kina cha kumeza nyumba. Ng'ambo ulisimama mlima Hanang na wingu lake kichwani, na chini yake ziwa limekauka, jeupe pe, linaumiza macho.

Katika korongo moja tairi la mbele lilizama kwenye mchanga, mimi nikapita juu ya usukani. Nilikaa chini nikajikagua: kiwiko kimechunika, kitenge kimechanika, heshima hakuna tena. Halafu woga ukanishika. Sikuogopa fisi wala kiu. Niliogopa kwamba baba anakata roho huku mimi nasukuma chuma mchangani, na rafiki yake hajui lolote. Nililia kidogo, nikaitukana ile pikipiki kwa Kiiraqw, lugha ambayo nadhani iliielewa vizuri zaidi, maana iliwaka.

Nilimkuta mzee amesimama nje ya boma lake, shuka begani, fimbo mkononi.

"Shikamoo baba!" nikapiga kelele, injini ikinguruma chini yangu, helmeti bado kichwani.

Hakuitikia. Alinyoosha fimbo kule nilikotoka. "Rudi kwenye ule mgunga. Hiyo iache pale. Halafu uje kama mtu."

Jamani! Nilikuwa nimekula vumbi hadi nimeshiba, na mtu ananirudisha kama mtoto wa shule aliyechelewa. Nilimezea. Nilirudi, nikaiacha pikipiki kwenye mgunga, nikavua helmeti, nikaja kwa miguu huku nasaga meno.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe."

Alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba ni mimi.

Mkewe alinipa maziwa kwenye kibuyu, yananukia moshi, na kwa desturi ya pale huwezi kutoa ulichojia kabla hujanywa. Nilikunywa haraka nikapaliwa. Hatimaye nikapewa nafasi ya kusema. Sasa nitazameni: mwanamke mzima, nimesoma, nimekaa mbele ya mzee na mkewe na wajukuu wao, nitayatoaje yale ya maziwa ya mgando? Nikaona niyanyooshe kidogo.

"Baba anaumwa," nikasema. "Anakusalimu sana. Anasema anakuheshimu, na anaomba, ukipata nafasi, ufike kumwona."

Mzee akanitazama. "Amesema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, baba."

Aliweka fimbo chini. Akajifunika shuka kichwani. Mkewe aliyekuwa mlangoni akashika kifua na kuanza kulia polepole.

"Amekufa lini?" mzee akauliza ndani ya shuka.

"Hajafa!"

"Binti, mimi si mtoto. Hivi ndivyo tunavyoitwa misibani. Anakuja mtu taratibu, anasema fulani anaumwa, ukifika unakuta kaburi. Mimi na huyo mtu tunajuana tangu hatujaota ndevu, na hajaniheshimu hata siku moja. Nenda. Nitakuja kumlilia na wenzangu, siku nitakayoweza kutembea."

Niliapa kwa Mungu, hakusikia. Niliapa kwa mama yangu, akatikisa kichwa. Hapo niliona wazi kwamba adabu zangu ndizo zitakazomnyima baba kitu cha mwisho alichoomba. Nikasimama, nikafumba macho, nikayatoa yote kama nilivyopewa, na harufu yake, na mgando wake, na ile furaha isiyobebeka.

Wajukuu wakazibana vinywa. Shuka ikashuka hadi puani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mzee akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, machozi yakimtiririka, akipiga ardhi kwa kiganja. "Yuko hai! Yuko hai huyo fuko! Mama, nitafutie viatu vyangu!"

Tuliondoka asubuhi, yeye nyuma yangu, fimbo ameikingamisha ikigonga kila kichaka Mungu alichokiumba. Kwenye makorongo alishuka akatembea, kisha akanisubiri juu na kuuliza kama punda wangu anahitaji maji. Tulipofika kwetu alinipiga bega nizime injini mbali na nyumba. Akaingia kwa miguu yake hadi kitandani.

"Fuko! Mbona bado uko juu ya ardhi?"

Baba, ambaye alikuwa hajainua kichwa siku nyingi, akainua. "Nilikusubiri. Harufu ilitangulia."

Wakashikana mikono, hawakuiachia hadi mama alipoleta chai. Baba alituacha kabla ya mvua za kwanza. Pale kaburini mzee alitupa udongo wake, akasema, "Chimba taratibu, nakuja," na waombolezaji wakacheka huku wanalia.

Mimi nikayarithi matusi yao. Kila aliyetoka kule kuja mnadani aliniletea tusi langu kutoka kwa mzee, kuhusu punda wangu wa chuma, au dawa zangu za kuua ng'ombe, na nilirudisha jingine lenye uzito uleule. Miaka ilikwenda hivyo. Simu zikaenea hadi Balangida, na asubuhi moja yangu ikaita nikiwa dukani. Alikuwa mjukuu wake.

"Shikamoo shangazi. Babu anakusalimu sana. Anasema anakuheshimu, na anaomba, ukipata nafasi, ufike kumwona."

Sikuuliza amekufa lini. Nilifunga duka, nikajaza mafuta. Njia nzima ya mteremko niliyapanga matusi yote niliyoyajua, nikiyasema kwa sauti ndani ya helmeti. Nilipofika kwenye mgunga nilizima injini, nikaenda kwa miguu.