Mbea wa Mlangoni

Kabla mama wa kwanza hajafika na mtoto wake mgongoni, mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya jiko la chuma katika chumba cha kupimia watoto. Ameufungua mlango wake wa kioo, ameingiza mkono hadi kiwiko, anakwangua majivu kwa kijiko kilicholika ncha. Anapotaka kusimama anashika ukingo wa meza, anavuta pumzi, kisha anaahirisha kidogo.

"Magoti haya yamestaafu kabla yangu," anasema. "Niliyebaki kazini ni mimi tu."

Hapa kwenye kituo cha afya wanamwita Mama Majivu. Ni mhudumu. Anafagia, anapiga deki, anamwaga taka, na tangu jiko hili lilipoletwa, analilisha. Mshahara wake ndio wa chini kabisa ukiacha wa askari wa mlangoni, na kuja kwa jiko hakukuuongeza.

Jiko lenyewe halili kuni za kawaida. Linakula punje za mbao, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vifupi. Asiyejua angedhani ni chakula cha kuku. Punje zinamiminwa kwenye tangi la juu, zinashuka kidogo kidogo zenyewe, umeme unaziwasha, feni inasukuma joto chumbani. Gunia moja ni kilo kumi na tano. Stoo iko nyuma ya jengo, na hakuna wa kumbebea.

Lina tabia tatu, na Mama Majivu anazieleza kama anayewasema watoto wake. Ya kwanza ni ya mkono: unalichagulia nguvu, nalo linawaka hivyo hivyo hata chumba kigeuke tanuri. Ya pili, unalipangia kiwango cha joto, na likikifikia linapunguza moto bila kuzima. Ya tatu ni ya kubana matumizi. Chumba kikifika kiwango jiko linajizima kabisa, na kikipoa linajiwasha lenyewe upya.

"Hiyo ya tatu ifae ofisini huko," anasema. "Mwenye koti anaweza kusubiri. Likianza kujiwasha ni robo saa nzima kabla hujaona moto, na humu watoto wanavuliwa nguo zote ndipo wapande mizani. Kichanga utamwambia asubiri?"

Anayeliarifu jiko hali ya chumba ni kidhibiti joto, kisanduku kidogo cheupe kilichobanwa ukutani. Mama Majivu hakiiti hivyo. Anakiita mbea.

"Kazi yake si kupeleka maneno? Amekaa pale, anasikilizia, anakwenda kulinong'oneza jiko, 'Kuna baridi, kuna baridi.' Na jiko halina akili ya kuuliza. Linaamini tu."

Shida ilikuwa mahali mbea alipopewa makazi. Waliolileta jiko walimweka kando ya mlango wa nje, na nje ya mlango huo ndipo anapokaa askari.

Askari ni shemeji yake. Alimwoa mdogo wake Mama Majivu, ambaye sasa ni marehemu. Ni mwembamba, kifua kinamsumbua kila majira ya baridi, na kiti chake kinatazama lango kutwa nzima huku upepo ukimpiga usoni. Baridi ilipokaza mwaka huu alibuni ujanja. Aliuzuia mlango kwa mguu wa kiti, ukabaki wazi upana wa kiganja, joto likawa linamtambaa mgongoni.

"Shemeji, funga mlango," Mama Majivu alikuwa akimwambia.

"Nimeufunga."

"Huo ndio umefungwa? Mgongo wako nauona mpaka huku."

"Basi shukuru. Si kila mtu anaonyeshwa mgongo mzuri hivi bure."

Mama Majivu alicheka, akaenda zake kubeba gunia. Upenyo ule ulitosha kumpotosha mbea. Karibu na mizani akina mama walikuwa wakijipepea kwa kadi za kliniki, lakini yeye alisikia upepo wa mlangoni tu, na jiko likachapa kazi kutwa. Magunia mawili kwa siku yakawa manne. Jioni Mama Majivu alifika nyumbani hoi, akapitiwa na usingizi na viatu miguuni.

Msimamizi wa kituo aliiona stoo ikipungua, akamwita. Hakugomba. Alimweleza kwamba lori jingine la punje halitakuja hadi baridi iishe, na kwa mwendo huo chumba kingekosa moto kabla ya hapo. Kuanzia Jumatatu angeshusha kiwango cha joto, aliweke jiko kwenye kubana matumizi na kulifunga kwa namba ya siri, asiweze mtu kulibadilisha.

"Au kuna kitu kimeharibika? Niambie sasa."

Mama Majivu alisema hakuna.

"Ningesemaje?" anauliza, akikung'uta kijiko kwenye ndoo. "Askari aliyemtangulia shemeji alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Na watoto wa mdogo wangu wanakula kwa jasho la yule mtu."

Jumatatu jiko likawa la kuwaka na kuzima. Likijizima, mlango ulikipoza chumba upesi, na wakati linahangaika kujiwasha feni ilipuliza hewa baridi. Mama mmoja alimvua mtoto wake mchanga, akamweka kwenye mizani. Mtoto alilia kidogo, kisha akaacha kulia, midomo ikaingia rangi ya zambarau. Muuguzi alimrudishia mama yake haraka.

"Mfunike. Mfunike vizuri, mweke kifuani. Leo hatupimi."

Mama Majivu aliweka ufagio chini, akaenda mlangoni.

"Shemeji, nyanyuka."

"Utani asubuhi yote hii?"

"Sina utani. Nyanyuka."

Alikisogeza kiti, akaufunga mlango mpaka ukalia. Kisha akaenda mwenyewe ofisini.

"Mlango ulikuwa wazi siku zote," alimwambia msimamizi. "Nilijua, nikanyamaza."

"Nani alikuwa anaufungua?"

"Baridi."

Msimamizi hakuuliza zaidi. Alipiga simu kwa fundi.

Fundi amemhamishia mbea kwenye ukuta wa mizani, jiko limerudishwa kwenye tabia yake ya pili, na magunia yamerudi mawili. Watoto wanapimwa. Askari hakufukuzwa, ila mlango sasa unafungwa, na kikohozi chake kinasikika hadi ndani.

"Ananisalimia, simsingizii," anasema Mama Majivu. "'Habari za kazi, mhudumu.' Mhudumu! Miaka yote hii mimi ni shemeji, leo nimekuwa mhudumu."

Anachokitaka hakihusu magoti yake. Ndani, upande wa pili wa mlango, kuna kona tupu. Likitobolewa dirisha dogo pale, askari ataliona lango akiwa ameketi penye joto.

"Kulinda si kupigwa upepo," anasema. "Mpe dirisha, ataliona lango lote."

Msimamizi amejibu kwamba wataliangalia baridi ikiisha. Hakuahidi. Lakini fundi, kabla ya kuondoka, alichora mstatili wa chaki ukutani kuonyesha dirisha lingekaa wapi.

Kuta za chumba hiki Mama Majivu anazifuta kila siku, maana ndiyo kazi yake. Akifika kwenye mstatili ule, anauzunguka kwa kitambaa. Wiki iliyopita ulianza kufifia, akaomba kipande cha chaki, akauchora upya.