Mishono ya Wifi

Saa mbili asubuhi, msukaji wa vikapu anayeitwa Mama Sindano anafungua ukumbi uliojengwa kwa ajili ya wanawake hamsini na wawili. Anaufagia wote, ukuta hadi ukuta, kisha anaketi peke yake penye dirisha.

"Nikifagia pangu tu, naona kama nimewafukuza wenzangu," anasema huku akisokota uzi wa mkonge pajani.

Miaka kumi na minane iliyopita, kampuni ya vikapu iliyoujenga ukumbi huu ilitoa vikapu mia nne kwa mwezi. Ukumbi ulivuma kwa soga. Kinara wa utani alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, anayesukia mkono wa kushoto.

"Akianza kucheka, hata mkaguzi anasahau kilichomleta."

Kisha wanunuzi wa ng'ambo wakahamia vikapu vya mashine. Oda zikakauka, wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Wifi naye, baada ya kufiwa na mumewe, akaenda kuishi kwa binti yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mwenye kampuni alipofunga, alimwachia Mama Sindano funguo. Siku hizi anasuka vikapu kumi na viwili kwa mwezi. Anaishi kwa kubangaiza.

Mwezi uliopita, mteja alimletea kikapu cha zamani kilichotoboka kitako. Mama Sindano alikigeuza. Mishono yote ilikuwa imelalia upande wa pili, kama ya mtu anayesukia kushoto.

"Nikasema, huyu si mwingine, ni wifi."

Alikaa nacho siku tatu bila kukitia sindano. Ya nne akapiga simu.

"Wifi, kazi yako imenirudia."

"Imeharibika wapi?"

"Kitako."

"Ndiyo shida ya kufundishwa na wewe!"

Walicheka hadi wakaishiwa pumzi. Kisha wifi akauliza, kwa sauti ya chini, "Hivi huko bado kuna mtu wa kuongea naye?"

"Hakuna. Njoo."

Wifi atakuja mwezi ujao, akae wiki mbili. Wasukaji wanne wa zamani wameahidi kufika pia, na hoteli moja imeomba vikapu thelathini vya mikate.

"Kampuni siwezi kuifufua," anasema Mama Sindano. "Ila vikapu hivyo thelathini tutavimaliza. Wifi tu nitamwambia asuke taratibu. Asije akamaliza upesi, akapanda basi."