Kochi la Heshima

Kochi lilikuwa kubwa kiasi kwamba mlango wa mbele ulibidi ung'olewe bawaba ndipo lipite. Watoto wawili wa mzee walikuwa wamechanga, wakabishana juu ya rangi kwenye simu wiki nzima, na siku hiyo mwanawe wa kiume, karani wa benki katika mji mwingine, alisafiri makusudi kuja kumwona baba akikalia. Mzee akashikwa makwapa huku na huku, akageuzwa mgongo, akashushwa. Akashuka, akaendelea kushuka, mpaka magoti yakawa usawa wa kifua na mikono ikakosa pa kushika. Simu zikaanza kumpiga picha. "Tabasamu, baba!" Akatabasamu. Picha ikarushwa kwa ndugu wote, na ndugu wote wakajibu kwamba mzee huyo amejaliwa watoto.

Baadaye kidogo alitaka kwenda msalani, akagundua kwamba hawezi kuinuka.

Hapo ndipo uonevu ulipoanza. Nauita uonevu ingawa ulifanywa na watu waliompenda, na wala sitalipamba jambo hili. Mtu mzima mwenye akili zake timamu alianza kuomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Alimwita binti yake, binti akaacha alichokuwa akifanya, akaja akamnyanyua, akampeleka, akasubiri mlangoni, akamrudisha akamtumbukiza tena. Na kila mgeni aliyeingia alilisifia kochi.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata waliohamia juzi wasiojua ni fundi wa nini. Alikuwa fundi makochi. Tangu ujana wake aliwamba viti kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni, na marehemu mkewe akishona foronya za mito kwa cherehani pembeni. Hakumkabidhi mtu kiti mpaka akae na kuinuka mbele yake. Wateja walimcheka. "Fundi, mimi nimekuja kununua kiti cha kukalia, si cha kuinukia." Naye aliwajibu bila kucheka, "Kukaa, hata kwenye jiwe utakaa. Nionyeshe utainukaje."

Kilichomtoa kibandani ni moyo. Alianza kwa kuvimba miguu, pumzi ikawa inamwishia njiani kati ya kibanda na nyumbani, mpaka siku moja akaanguka juu ya kiti cha mteja akiwa ameshika nyundo. Hospitali walisema moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Ugonjwa wa kuishi nao, wakasema, si wa kupona ukasahau. Wakampa dawa, wakampunguzia chumvi, wakamwandikia mazoezi. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kukaa naye baada ya mama kufariki, aliyasikia ya dawa na chumvi kwa masikio yote mawili. Ya mazoezi yaliingia huku yakatokea kule. Mazoezi, na moyo huo?

Hata hivyo alimpeleka, kwa kuwa yalikuwa maagizo ya daktari. Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na pa kufulia, na ndani yake walikusanyika wazee wa sukari, wa presha, wa kiharusi na wa kifua, wote wakisimamiwa na mama mmoja mfupi mwenye raba nyeupe ambaye wazee walimbandika jina la Bi Inuka. Huyo hakuwa na simile. "Ukihema ukashindwa kusema, simama upumzike," aliwaambia. "Ukihema lakini bado una nguvu ya kunisengenya, endelea." Basi wazee wakawa wanamsengenya mbele ya macho yake huku wakipanda na kushuka ngazi ya mbao, na Fundi alikuwa mmoja wa wenye midomo mirefu zaidi. Baada ya miezi michache aliweza kukaa kwenye benchi, akakunja mikono kifuani, akainuka mwenyewe. Akakaa. Akainuka tena. Hakuna kochi alilowahi kuliuza lililompa raha ile.

Kisha alirudi nyumbani, kochi likaletwa, akawa mzigo.

Kikombe kililetwa hadi mkononi. Viatu alivalishwa. Akifunga vifungo vya shati mwenyewe, binti alivifungua akavifunga upya kwa upole, na upole huo ulimuudhi kuliko matusi. "Baba, pumzika," aliambiwa asubuhi, mchana na jioni.

"Nimechoka kupumzika."

"Umechoka, eeh? Ndiyo maana nakwambia pumzika."

Siku moja alisuuza fulana yake kwenye beseni, uani. Jirani wa nyumba ya pili, mama anayeuza mboga mlangoni kwake na kukagua maisha ya watu bila malipo, alichungulia ukutani akasema kwa sauti ya kusikika, "Makubwa! Mwalimu yupo na mzee anafua?" Binti alitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo Fundi hakuguswa na jua isipokuwa siku za kliniki. Mchana kutwa alizama kwenye kochi, binti akichomoka shule saa za mapumziko kuja kumnyanyua, na miguu aliyoipata kwa jasho kwa Bi Inuka ikawa inamwishia pale pale sebuleni.

Halafu ikafika siku aliyoiogopa. Binti alikuwa uani anaanika mashuka. Fundi aliita. Binti akaitika, "Nakuja, baba," na kweli alikuwa anakuja, ila mkojo haukumngoja amalizie shuka la mwisho. Alimkuta amelowa, ameinamisha uso. Alimwogesha, akambadilisha, akafuta kochi, asinung'unike hata kidogo. Laiti angenung'unika! Fundi angepata wa kugombana naye.

Jioni ile ile binti alimpigia simu kaka yake, na Fundi akasikia hukumu yake ikisomwa sebuleni, yeye mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo. Mzee sasa hajiwezi. Atavalishwa pampasi. Jumapili kaka atakuja na gari amchukue akaishi kwake, ghorofani, na mtu wa kumhudumia atatafutwa. Nyumba itapangishwa. "Hapana, hajambo," binti alisema kwenye simu. "Amekaa tu."

Jumatano, kliniki, alimweleza Bi Inuka yote hayo akiwa ameelekea ukutani ili asionekane uso. Mwanamke yule hakumpa pole. Aliuliza, "Nyumbani unakalia nini?"

Fundi alijitukana kimoyomoyo kwa matusi yote aliyowahi kuwatukania wauza mbao. Miezi mingapi amekuwa akiilaumu miguu yake! Kochi lile hakuwahi kulitazama kama kiti. Lililetwa kama heshima, na nani anakagua springi za heshima? Mteja angemletea kibandani kiti cha namna ile, kifupi, laini, chenye kalio refu la kummeza mtu, angemwambia akitupe kabla hakijamlemaza mama yake.

Bi Inuka alimwambia binti pale getini: kiti kiinuliwe, kiwe kigumu, na mzee aachwe ainuke mwenyewe kila anapotaka, nyumba nzima ikimtazama ikibidi. Nguvu ikiongezeka, watakishusha kidogo kidogo.

"Tutaangalia," binti alisema. Njiani akaongeza, "Baba, hilo kochi kaka kalitolea jasho. Nikamwambie nini, kwamba tunalibomoa?"

Keshoye Fundi alikataa kutumbukizwa kochini. Alidai anataka kusoma gazeti mezani, akaachwa kwenye kiti cha mbao. Binti aliposhika njia ya shule, Fundi akaenda chumbani akishika ukuta, akalivuta sanduku la vifaa kutoka uvunguni kwa mpini wa ufagio, akarudi na kisu, nyundo na mfuko wa misumari.

Alipochana kitambaa cha chini damu ilimchemka. Ndani mlikuwa na maboksi! Maboksi ya karatasi yamekunjwa kujaza pembe, sponji nyepesi ya kufungia vyombo, na mikanda iliyopigwa pini za stepla ambazo alizing'oa kwa kucha. Wanawe wametapeliwa kweupe, na kwa utapeli huo huo yeye amevalishwa pampasi. Alitukana kwa sauti, akajisikiliza, akaona bado ana pumzi ya kutukana, akaendelea. Pumzi ilipopungua alikaa, akatoa hewa polepole kama alivyofundishwa, akangoja. Alilaza mbao za chaga za kitanda cha zamani kuvuka fremu. Juu yake akatandika godoro la sufi alilolishona mwenyewe enzi za mkewe, gumu, limekunjwa mara mbili, akaliwamba kwa blanketi nene na kulipiga misumari pembeni, moja moja, midomo ikiwa imeibana mingine. Kazi ambayo zamani angeimaliza kabla chai haijapoa ilimla asubuhi nzima. Hakukumbuka lini alikuwa na furaha na hasira kwa wingi ule kwa wakati mmoja.

Binti aliporudi, akaona maboksi yametapakaa na kitambaa kimechanwa, alipiga ukelele uliomtoa jirani nje. Hakuuliza lolote. Alimpigia kaka yake simu akilia: "Baba ameanza kuchanganyikiwa."

Jumapili kaka alikuja na gari, na begi likawekwa tayari mlangoni. Walikaa kikao, wao wawili na baba yao aliyekalia kochi alilolitengeneza, wakamzungumzia kama anavyozungumziwa marehemu. Alikuwa mtu wa busara. Alikuwa hapendi uharibifu. Haya ni ya uzee, dada, usijilaumu.

"Nani alikuwa?" Fundi alisema.

Mwanawe akaweka simu chini.

"Nauliza, nani alikuwa? Mimi nipo. Mmenikalisha kwenye maboksi, nikashindwa kuinuka, mkasema sijiwezi. Nikajikojolea kwa sababu ya kiti, mkaninunulia nepi badala ya kutazama kiti. Sasa nimekitengeneza, mnasema nimerukwa na akili. Mnataka nifanye lipi ndiyo mseme huyu ni mzima? Nife kimyakimya nikiwa nimependeza kwenye picha?"

"Baba, sisi tunakuheshimu..."

"Punguzeni! Heshima yenu imenila miguu."

Alikunja mikono kifuani, akainama mbele kidogo, akainuka. Hakuinuka upesi, wala hakuinuka kwa madaha. Shingo ilimtoka mishipa na goti la kushoto lilipiga kelele. Lakini aliinuka, na hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Mwanawe aliyekuwa ameshanyoosha mikono kumdaka alibaki ameinyoosha hivyo hivyo.

"Sawa, umeinuka," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya kiburi, ilikuwa ya woga. "Siku ukianguka je, baba? Hapa peke yako, dada yuko shule?"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka nikienda mahali."

Akaenda zake msalani, akafunga mlango. Wanawe walibaki sebuleni. Walisikia maji yakimwagwa, walisikia bomba, na walipomsikia akirudi kwa hatua za kuburuza kidogo, binti alikuwa ameshika tama anaangalia begi.

Kaka mtu hakukubali, msije mkadhani alikubali. Alizunguka lile kochi, akabonyeza blanketi, akaokota kipande cha boksi akakisoma, akakitupa. Akamwambia dada yake mbele ya baba, "Mimi nimetoa njia. Ukitaka abaki, abaki. Ila akivunjika nyonga usinipigie kulia. Itakuwa juu yako." Kisha akangoja jibu, funguo za gari zikiwa mkononi.

Hapo kila kitu kikawa mikononi mwa mwalimu. Alijua mtaa utasema nini mzee akichukuliwa: wamemfanyia la maana. Na alijua utasema nini mzee akibaki akaonekana barabarani anajikongoja. Fundi alimtazama asimsaidie kwa neno. Angesema nini zaidi? Alikuwa amekwisha kusema, amekwisha kuinuka.

"Abaki," binti alisema, kwa sauti ndogo sana. Kaka aliondoka bila kunywa chai.

Jumatano iliyofuata Fundi alikataa bodaboda ya kumpeleka kituoni. Alivaa viatu mwenyewe, ikachukua muda mrefu hata binti akatoka nje ili asije akaingilia, akamngoja barabarani ameuma midomo. Wakaenda. Fundi mbele, fimbo mkononi, akisimama penye kila kivuli kuvuta pumzi. Binti nyuma yake, mikono ikimwasha, akiificha chini ya mtandio ili isimrukie baba.

Jirani alikuwa ametandaza mafungu ya mboga mpaka katikati ya njia. Alipowaona alisimama, ndoo mkononi, akajishika kiuno.

"Mwalimu, hivi huogopi hata macho ya watu? Mzee mgonjwa wa moyo unamswaga juani kama mbuzi, na wewe mikono mitupu nyuma yake? Mshike basi, mwenzangu! Baba yako huyo!"

Milango miwili mitatu ilikuwa wazi, na vichwa vilikuwa vimeshatoka. Fundi alisimama. Haya ndiyo maneno yaliyomfungia ndani miezi yote ile, na hakuwa na nguvu ya kutembea na kugombana kwa pamoja. Alingoja mkono wa binti yake umshike kwapani. Alikuwa amekwisha kuukunjia uso.

Mkono haukuja. Binti alimpita, akaenda kusimama mbele ya mama wa mboga, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira ambayo Fundi hakuwahi kuiona kwa mtoto yule tangu azaliwe.

"Anatembea, mama," alisema. "Ondoa mboga zako apite."