Dada Kabula na Bwawa la Reli

Harufu ya dawa ya bwawa la kuogelea, ile inayowasha pua, wengine huwakumbusha likizo. Mimi hunirudisha kijijini kwetu Tura, kwenye bwawa lisilojua dawa: maji ya rangi ya chai ya maziwa, tope linalopenya katikati ya vidole, ng'ombe wakinywa upande wa pili. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya treni za mvuke. Treni hizo zikaisha, bwawa likabaki letu, mimi na dada yangu Kabula.

Mama alitukataza kuingia. Tukawa tunaingia. Mpira wetu ulikuwa kibuyu kikavu tulichokiziba mdomo kwa nta, na mchezo wenyewe kunyang'anyana mpaka mmoja anywe maji. Mnywaji nilikuwa mimi. Kabula alikuwa na mikono mirefu na alipiga mbizi kimya kama kenge.

Siku moja treni iliharibika stesheni kwetu, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Sesilia, aliyefundisha michezo katika shule ya wasichana Tabora mjini. Tulimwamkia tukiwa majini. Akasahau hata kuitikia marahaba.

"Nani amewafundisha?" akauliza.

Akatueleza kwamba shuleni kwao wasichana hucheza polo ya majini: timu mbili, mpira mmoja, magoli yanayoelea. Tulicheka. Tulidhani mchezo huo tumeubuni sisi.

Baada ya siku chache alirudi kuzungumza na Baba. Nafasi ya kusomeshwa ilikuwa moja tu, kwa hiyo alitaka tuogelee mpaka kwenye kisiki kilichokuwa katikati ya bwawa, kisha turudi, yeye akitazama.

Watu walijaa ukingoni. Tuliondoka pamoja na, kama kawaida, Kabula akanitangulia. Karibu na kisiki alitazama nyuma, akaniona nakuja. Ghafla akaanza kupiga maji hovyo huku akikohoa, akarudi kwenye kina kifupi na kukaa kwenye tope.

"Nimeogopa, Mwalimu," alisema. "Pale katikati panatisha. Mchukue Nyamizi."

Nikachukuliwa mimi. Nilibebwa mabegani mpaka nyumbani, wala sikugeuka kumtazama Kabula.

Tabora nilijifunza kucheza mchezo ule kwa kanuni zake. Nikapanda hadi timu ya taifa, nikawa nahodha, na mwaka tulipotwaa ubingwa nililiinua kombe kwa mikono yangu. Waandishi wa habari walipouliza nilianzaje, niliwasimulia habari za dada yangu aliyeliogopa bwawa alilokulia. Niliisimulia vizuri, niseme ukweli; niliigiza hata kikohozi chake. Watu walivunjika mbavu.

Nikapeleka medali nyumbani. Jioni moja Kabula, sasa mama wa watoto wanne, alikuwa akinywesha ng'ombe, nami nikipiga naye soga. Ndama akateleza akazama. Kabla sijavua viatu, dada yangu alikuwa ameshajitupa na kitenge chake, amefika katikati, amemshika ndama shingo na anamvuta. Hakukohoa.

"Dada, kumbe huogopi maji!"

Alikuwa akikamua kitenge. "Mgongo wa Mama ulikuwa umeshakataa. Nani angebeba ndoo za maji? Wewe hata kujitwisha ulikuwa huwezi."

"Na mimi nimekutangaza kote kwamba wewe mwoga!"

"Nimekusikia redioni," akasema akitabasamu. "Kile kikohozi umekizidisha."

Ndugu zangu, mtoto yule aliyebebwa mabegani aliamini amemshinda dada yake, akaishi kwa raha na imani hiyo mpaka utu uzima. Siku ile Kabula alitazama nyuma ili aone kama ningeweza kufika peke yangu. Alipoona naweza, ndipo akaanza kukohoa.

Nimejaribu mara nyingi kumwomba radhi. Kila nikianza, ananiambia nile, ugali unapoa.