Majirani Wawili wa Kisiwa Kimoja

Juzi kwenye televisheni niliwaona akina mama wa Sri Lanka wameshika picha za wana wao waliopotea vitani, nikamkumbuka Mama Ravi, Mtamil, mke wa mwalimu wetu pale Mwananyamala. Alasiri moja alipata barua kwamba Wasinhala, waliokuwa wakipigana na Watamil kule kwao, wamechoma nyumba ya baba yake. Mama yangu alikuwa akimkunia nazi, nami mtoto kando yake, harufu ya bizari imejaa uani, mara jirani yake Msinhala, Mama Nimal, akasimama mlangoni. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walizungumza Kiswahili cha sokoni.

“Dada, samahani,” Mama Nimal alisema, machozi yakimtoka.

“Kavunja nini?” nikamuuliza mama. Akanifinya.

 Mama Ravi akasogea mkekani.

“Karibu, kaa.”

Mie nikafurahi, nikidhani ni sahani tu iliyovunjika.